Milimita 38 au 54? Magurudumu ya injini ya mvuke ya reli ya mita kwenye treni ya mfano

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni seremala, naishi Isevya, Tabora. Babu yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli hapa Tabora zamani za injini za moshi, na kwa heshima yake nataka kujenga modeli ya injini ya klasi ya 31 ya Reli za Afrika Mashariki. Shemeji yangu ameniletea kutoka Ujerumani reli ndogo zenye upana wa milimita 45 pamoja na mabehewa mawili. Nimekwama kwenye magurudumu makubwa. Rafiki mmoja amepiga hesabu akapata kipenyo cha milimita 38, mwingine amepata 54. Nilichonga ya mbao ya 54, nikaweka flenji (ule mdomo wa ukingoni) ya milimita 2.5 kama ya yale mabehewa, lakini nilipoyapanga juu ya mchoro wangu yakagongana. Mchoro unaonyesha ekseli zimeachana futi 4 na inchi 3. Je, kipimo sahihi ni kipi? Na bomba la maji la inchi 2 linafaa kukatia tairi? Halafu mwalimu mmoja hapa ananishauri nitumie vipimo vya ile injini kubwa ya Mount Gelai kwa sababu michoro yake ni rahisi kupatikana. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakuandikia kutoka Kigoma, mwisho wa reli ileile inayopita kwenu, na swali lako limenifurahisha kwa sababu umesimama mahali ambapo wajenzi wengi wa modeli hupapita bila kupaona.

Marafiki zako wote wawili wamegawanya sawasawa. Gurudumu kubwa la klasi ya 31 lilikuwa na kipenyo cha futi 4, yaani milimita 1219. Ligawanye kwa 32, unapata 38.1. Ligawanye kwa 22.5, unapata 54.2. Kwa hiyo kabla hatujagusa gurudumu lenyewe, tuamue skeli, yaani modeli iwe ndogo mara ngapi kuliko injini halisi. Na skeli hii huichagui wewe, inachaguliwa na reli uliyoletewa.

Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, waliijenga kwa upana wa mita moja kati ya reli na reli. Upana huohuo ulifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na klasi ya 31 ilitengenezwa kwa ajili yake. Reli yako ndogo ina milimita 45. Gawanya 1000 kwa 45, unapata 22.2, na watengenezaji wa modeli wameisawazisha wakakubaliana 1:22.5. Ndiyo skeli ya treni za bustani zinazoiga reli ya mita, na naamini mabehewa ya shemeji yako ni ya ukoo huo, maana Ujerumani ndiko yalikoanzia.

Lakini reli hiyohiyo ya 45 hutumiwa pia na wanaojenga modeli za reli pana ya milimita 1435, upana wa SGR. Gawanya 1435 kwa 45, unapata karibu 32. Hapo ndipo rafiki yako wa kwanza alipopata 32 yake. Hesabu yake ingefaa kama ungejenga injini ya Ulaya iliyotembea kwenye reli pana. Ukijenga klasi ya 31 kwa 1:32 na kuiweka kwenye reli ya 45, utakuwa umeisimamisha injini ya reli ya mita kwenye njia ya SGR: boila nyembamba, magurudumu madogo, na miguu imetanuka. Mtu aliyewahi kuiona injini yenyewe atajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Basi skeli yako ni 1:22.5, na ibaki hiyo kwa kila kitu: boila, kibanda cha dereva, tenda la maji na mafuta. Ukiona duka linauza magurudumu "ya reli ya 45", uliza kwanza skeli, maana geji, yaani upana wa reli, pekee haikuambii.

Kuhusu Mount Gelai, mshukuru mwalimu lakini usimfuate. Ile ni Garratt, injini ndefu yenye seti mbili za magurudumu makubwa, ya klasi ya 59, namba 5918, ambayo leo iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa kwenda Nairobi, ambako reli ilikuwa nzito ya kubeba tani 21 kwa kila ekseli. Magurudumu yake makubwa ni futi 4 na inchi 6, milimita 1372. Klasi ya 31 ni mnyama mwingine kabisa. Ilitengenezwa na Vulcan Foundry huko Newton-le-Willows, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, ikafanywa nyepesi kusudi iweze kutembea kwenye reli nyepesi. Mbele ina magurudumu mawili madogo, katikati manane makubwa yaliyounganishwa kwa fimbo, nyuma manne madogo. Ukiitwika magurudumu ya Mount Gelai utapata milimita 61 badala ya 54, na kwa nafasi ya ekseli uliyonipa yatapandana hata bila flenji.

Sasa tuingie kwenye gurudumu lenyewe.

Kipenyo kinachoandikwa kwenye vitabu vya injini, ile futi 4, hupimwa kwenye kanyagio, yaani uso wa tairi unaokanyaga juu ya reli. Flenji, ule mdomo ulioinuka upande wa ndani kuzuia gurudumu lisitoke, haihesabiwi. Ukimuuliza fundi wa reli ukubwa wa gurudumu atakutajia kanyagio. Ukimuuliza mtu aliyepima kwenye picha, mara nyingi atakutajia flenji bila kujua, kwa sababu ukiitazama injini ubavuni, duara la nje kabisa unaloliona ni flenji inayochungulia nyuma ya tairi. Kwenye injini halisi flenji huinuka karibu milimita 28. Pande zote mbili ni 56. Mtu aliyepima mpaka kwenye flenji amelitia gurudumu la 1219 unene mpaka 1275, na kwenye modeli yako hiyo ni milimita mbili na nusu za bure.

Kuna njia ya kuliepuka kosa hilo hata ukiwa na picha tu. Chini, pale gurudumu linapogusa reli, flenji imejificha nyuma ya kichwa cha reli. Kwa hiyo usipime upana wa duara. Pima wima kutoka juu ya reli hadi katikati ya ekseli, kisha zidisha kwa mbili. Urefu huo ni nusu kipenyo cha kanyagio, na flenji haiwezi kukudanganya. Tafuta picha iliyopigwa kwa mbali na ubavuni kabisa. Picha ya karibu iliyopigwa kwa pembe hufanya gurudumu la mbele lionekane kubwa kuliko la nyuma, na hapo hesabu zote zimeharibika.

Picha hiyohiyo itakupa magurudumu madogo ya mbele na ya nyuma. Pima gurudumu kubwa kwenye picha, pima dogo, tafuta uwiano, kisha zidisha uwiano huo kwa 1219. Tuseme kwenye picha kubwa lina milimita 40 na dogo lina 25: dogo ni 25 kwa 40 ya 1219, yaani 762 hivi. Hizo 40 na 25 nimetunga ili uione hesabu. Chukua zako kwenye picha nzuri.

Njia bora kuliko zote ni kulipima gurudumu lenyewe. Kwenye makumbusho ya Nairobi kuna klasi ya 31, namba 3123, jina lake Bavuma. Kama una ndugu Nairobi, mtengenezee kifaa hiki, maana kwa seremala ni kazi ndogo. Chukua ubao ulionyooka, pigilia misumari miwili iliyoachana milimita 600 kamili, ncha zake zitokeze milimita 100 sawasawa. Aombe ruhusa, kisha akalishe ncha zote mbili juu ya kanyagio, karibu na flenji lakini zisiiguse, halafu apime katikati kutoka ubao hadi kwenye chuma. Kama nafasi hiyo ni milimita 21, maana yake tao limeinuka 100 kutoa 21, yaani 79. Kipenyo ni umbali wa misumari uliozidishwa kwa wenyewe, ukagawanywa kwa mara nne ya mwinuko, kisha ukaongeza mwinuko: 360,000 gawanya kwa 316, unapata 1139, ongeza 79, unapata 1218. Hiyo ndiyo futi 4 yako.

Aweke umakini kwenye ule mwinuko. Kosa la milimita moja hapo hukutupa milimita 13 kwenye kipenyo. Ukitanua misumari iwe 800, na ukairefusha kwa sababu tao sasa linainuka karibu 150, kosa lilelile la milimita moja linashuka hadi 6. Kwa hiyo tanua kadiri nafasi itakavyoruhusu. Na nimesema karibu na flenji kwa sababu uso wa tairi haujalala sawa, umeinama kidogo kuelekea nje kwa kiasi cha 1 kwa 20. Ukingo wa nje kabisa una kipenyo kidogo kwa milimita kama sita kuliko mstari unaohesabiwa.

Sasa ule mgongano wako. Ekseli zako zimeachana futi 4 na inchi 3, milimita 1295. Gawanya kwa 22.5, unapata 57.6. Magurudumu mawili ya 54.2 yakisimama jirani, kati ya kanyagio na kanyagio inabaki milimita 3.4. Umeweka flenji ya 2.5 kwa kila moja, jumla 5. Milimita 5 haziingii kwenye 3.4. Kwenye injini ya kweli flenji mbili ni 56 na nafasi ni 76, zinapishana vizuri. Tatizo lako, kwa hiyo, si gurudumu kubwa. Ni flenji ndefu ya mabehewa ya kuchezea, ambayo imefanywa hivyo makusudi ili behewa lisianguke kwenye reli iliyotandazwa sakafuni. Flenji ya kweli kwa skeli yako ingekuwa milimita 1.24 tu.

Punguza flenji kwanza. Kwenye reli iliyolazwa vizuri juu ya ubao, flenji ya milimita 1.5 inatosha kabisa, hasa kwa injini nzito yenye magurudumu manane yanayosaidiana. Mbili za 1.5 ni 3, zinaingia kwenye 3.4, lakini inabaki chini ya nusu milimita. Ni finyu. Rangi kidogo, ekseli iliyolegea kidogo, yatagusana.

Ndipo linakuja jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu reli yenyewe inakupa ruhusa. Tairi la gurudumu la injini halikuwa la kudumu. Lilikuwa pete ya chuma, kwa kawaida ikiwa mpya ina unene wa inchi 3 hivi, iliyopashwa moto ikatanuka, ikavishwa kwenye kitovu cha gurudumu, ikapoa na kukaza. Ilipolika kwa kutembea, gurudumu lilipelekwa kwenye mashine ya kukereza, uso ukanyooshwa upya, na kila mara kipenyo kikapungua. Injini iliendelea kufanya kazi mpaka tairi lilipofika karibu nusu ya unene wake, ndipo likavuliwa na kuvishwa jipya. Kwa tairi la inchi 3 maana yake kipenyo kingeweza kushuka kutoka 1219 hadi karibu 1143, na injini ikabaki injini ileile yenye namba ileile. Kwa skeli yako hiyo ni kutoka 54.2 hadi 50.8.

Kwa hiyo kanyagio lolote kati ya milimita 51 na 54 ni kanyagio la kweli la klasi ya 31. Mimi ningekereza 52.5. Nafasi kati ya kanyagio inakuwa milimita 5.1. Ukiwa na flenji za 1.5 zinabaki milimita 2 safi, na kwa mbali jicho litaona mwanya uleule unaoonekana kwenye picha. Huo mwanya ndio watu wanaoutambua. Jicho halijui tofauti ya 54 na 52.5, lakini linajua magurudumu yaliyobanana na yaliyoachana. Ndiyo maana sikushauri usogeze ekseli ili kuokoa kipenyo, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Ukisogeza ekseli tatu kwa milimita moja moja, injini nzima imerefuka, fimbo zimerefuka, na boila sasa ni fupi mno.

Ukipunguza kanyagio, usipunguze pamoja nalo umbali wa pini inayoshika fimbo. Hili wengi hulikosea. Gurudumu likilika, kinachopungua ni tairi, pini haisogei. Umbali wa pini kutoka katikati ya ekseli ni nusu ya mwendo wa pistoni. Kama mchoro wako unaonyesha mwendo wa inchi 26, nusu yake ni inchi 13, milimita 330, na kwako ni 14.7. Iache hapo hata kanyagio likiwa 51. Ukiipunguza kwa uwiano, fimbo zitazunguka kaduara kadogo, na treni ikitembea utaona mwendo umekufa ingawa kila kitu kingine kiko sawa.

Vilevile kumbuka injini imeshuka. Kutoka 54.2 hadi 52.5, katikati ya ekseli imeteremka karibu milimita 0.9. Panga urefu wa kishikio cha mabehewa baada ya hapo, si kabla. Kwenye karakana za kweli walirudisha urefu huo kwa kuweka vipande vya chuma kwenye springi. Wewe unaweza kuinua fremu kwa kiasi hichohicho pale beringi zinapokaa.

Sasa nikwambie kilicho muhimu kuliko 52.5 yenyewe. Magurudumu yote manane lazima yalingane. Yamefungwa kwa fimbo, hivyo yanazunguka idadi sawa ya mizunguko yakitaka yasitake. Kama moja ni 52.5 na lingine 52.4, kila mzunguko mmoja moja linataka kwenda mbele zaidi ya lingine kwa milimita 0.3. Halitakubaliwa, kwa hiyo litateleza, fimbo zitavutana, na mota itachoka bure. Ni heri manane ya 52.1 yanayolingana kuliko saba ya 52.5 na moja la 52.3. Kereza flenji kwanza, kisha yafunge moja baada ya jingine kwenye shafti ileile, kaza kwa nati, na mkato wa mwisho wa kanyagio la yote manane uufanye kisu kikiwa kimewekwa kina kilekile bila kukigusa. Fundi wa kukereza akikuambia atakiweka kisu upya kwa kila gurudumu na yatalingana, mwombe kwa heshima asikiguse mpaka yote manane yaishe.

Bomba la maji la inchi 2 halifai, na sababu ni ya hesabu tu. Bomba hilo kwa nje lina milimita 60.3, na ukuta wake ni kama 3.6. Ndani limebaki 53. Wewe unataka kanyagio la 52.5. Kwa maneno mengine, pale ambapo kanyagio lako linatakiwa kuwa, bomba ni hewa. Bomba la inchi moja na nusu nalo kwa nje ni 48.3, dogo mno. Tafuta kipande cha shafti ya chuma chakavu yenye milimita 60, uikate vipande vya milimita 7 hivi. Kila kipande kikiliwa pande zote mbili utapata gurudumu lenye upana wa 6, na upana wa kweli kwa skeli yako ni 5.8. Shafti za mashine za zamani za kusaga hupatikana kwa wauza vyuma chakavu, na chuma chake ni kizuri kukerezeka.

Lakini wewe ni seremala, uko Tabora, na mninga mko nao. Mimi ningefanya tairi tu la chuma, pete yenye unene wa milimita 3 au 4, na kitovu chenye spoku ningekichonga kwa mninga mkavu. Mninga hauvimbi na kusinyaa ovyo kama mbao nyingi, ndiyo maana milango yake haikwami masika. Chuma huvishwa chuma kwa moto. Hapa usithubutu, utaunguza kitovu. Kereza kitovu kiingie kwa kusukumwa na gumba, kisha gundi ngumu ya sehemu mbili. Ekseli iwe ya chuma na ipite kwenye bushi ya shaba iliyopachikwa ndani ya mbao, si moja kwa moja kwenye mbao.

Umbali wa ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, mgongo kwa mgongo, uanzie karibu milimita 40 kwa reli ya 45, kisha ulinganishe na mabehewa ya shemeji yako kwa kalipa. Yanayopita kwenye makutano ya reli bila kupanda yanakuambia kipimo ambacho reli hiyo inakubali.

Baada ya magurudumu kulingana, inakuja kuyapachika. Pini za upande wa kulia na za kushoto haziwi mahali pamoja: upande mmoja hutangulia mwingine kwa robo mzunguko, nyuzi 90, ili pistoni moja ikiwa imefika mwisho na haina nguvu, nyingine iwe katikati ya kazi. Injini ya mvuke isiyo na robo hiyo inaweza kusimama mahali ambapo haiwezi kuondoka. Yako itaendeshwa na mota, haitakwama namna hiyo, lakini macho yatataka kuiona robo.

Watu huhangaika na nyuzi 90 kamili. Hangaika badala yake na kufanana. Ekseli zote nne zikiwa na nyuzi 88, fimbo zitazunguka laini kabisa. Tatu zikiwa 90 na moja 88, zitakaba kila mzunguko. Kwa hiyo usipime pembe, tengeneza kalibu moja ya mbao ngumu: ekseli inalala kwenye mifereji miwili, pini ya kushoto inaegemea kizuizi cha mlalo, ya kulia inaegemea kizuizi cha wima. Paka gundi, weka kwenye kalibu, acha ikauke. Ekseli zote nne zipite kwenye kalibu hiyo moja bila kuigeuza. Na mashimo ya fimbo yatoboe pamoja na mashimo ya fremu, vikiwa vimebanwa pamoja kwa jiriwa, ili umbali wa 57.6 uwe mmoja kwa vyote. Hata ukiwa 57.4 hautakuletea shida kama ni 57.4 kila mahali.

Hukuuliza kuhusu kona, lakini naona itakukamata. Reli nyingi za aina hiyo huja na kona kali zinazofunga duara la kipenyo cha mita 1.2. Magurudumu yako manane yana urefu wa milimita 173 kutoka ekseli ya kwanza hadi ya nne. Kwenye kona hiyo, magurudumu ya katikati yatatakiwa kusogea pembeni milimita 5.5 yakilinganishwa na ya mwisho. Kuna wanaokata flenji za katikati kabisa, lakini hapa hata hiyo haitakuokoa, maana gurudumu lenye upana wa 6 likisogea 5.5 limeshadondoka kwenye reli. Laza kona yenye nusu kipenyo cha mita 1.5 au zaidi. Hapo usogeo unashuka hadi 2.2, na ukiziachia ekseli mbili za katikati zicheze milimita moja kila upande na kupunguza flenji zake kidogo, itapita. Kama huna nafasi nyumbani, tumia uwanja. Klasi ya 31 haikujengwa kuzunguka meza.

Mwisho, usichonge spoku kabla ya kuzihesabu kwenye picha ya ubavuni. Hesabu kwenye gurudumu kubwa na kwenye dogo, kila moja peke yake, na uangalie kama pini imekaa usawa wa spoku au katikati ya spoku mbili. Kisha tazama kile kipande kinene cha kusawazisha uzito kilicho mkabala na pini. Kwenye ekseli inayopokea fimbo kubwa kutoka kwenye pistoni, kipande hicho ni kikubwa kuliko kwenye nyingine tatu. Usichonge manne yanayofanana halafu ukayapanga popote. Yaandike namba kwa penseli upande wa ndani tangu mwanzo, kulia na kushoto, ya kwanza hadi ya nne.

Na kabla ya kukata chuma, hakikisha ile futi 4 na inchi 3 ya ekseli zako kwenye picha kwa njia ileile ya uwiano. Kama itatoka nyingine, niandikie namba utakayoipata, tupige upya hesabu ya flenji.